Mafungu Matano ya Jiografia, kwa Mfano wa Ziwa Tanganyika

Mtu mmoja atafuta mahali pa kujenga. Kijiji chake kiko kando ya Ziwa Tanganyika. Aona kiwanja kizuri: mchanga mkavu, ardhi sawa, hakuna mawe ya kuvunja, na maji yako hatua chache tu. Mtumbwi waweza kufungwa karibu na mlango. Amwuliza jirani: «Je, mahali hapa ni pakavu?» Jirani ajibu: «Tangu utoto wangu sijaona maji yakifika hapa.» Basi achimba msingi, afyatua matofali, aezeka nyumba, ahamisha mke na watoto. Miaka michache baadaye ziwa laja mpaka mlangoni, kisha laingia ndani, na matofali ya udongo yarudi kuwa tope.

Mtu huyo hakuwa mvivu wala mpumbavu. Aliuliza kabla ya kujenga, naye jirani hakumdanganya. Lakini swali lake lilikuwa fupi mno. Kumbukumbu ya mtu mmoja ni fupi kuliko mwendo wa ziwa. Iko elimu inayomfundisha mtu kuuliza juu ya mahali maswali marefu na kamili. Elimu hiyo ndiyo jiografia.

JIOGRAFIA NI NINI?

Neno hili latoka katika lugha ya Kigiriki, na maana yake ni kuandika habari za dunia. Wengi hudhani kwamba jiografia ni kukariri majina ya mito, ya milima na ya miji mikuu. Majina yafaa kujulikana, lakini kujua jina la mtu si kumjua mtu mwenyewe. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayeweza kutaja mito ishirini, asijue kijito cha kijijini kwake chatoka wapi na chaenda wapi, bado hajaanza.

Jiografia ni elimu ya dunia kama makao ya watu. Ina mambo mengi, lakini mwaka 1984 walimu wa jiografia wa Marekani waliyapanga katika mafungu matano ili kuwasaidia walimu wa shule. Kila fungu ni kama swali moja:

1. Mahali: pako wapi?
2. Sura ya mahali: pakoje?
3. Watu na nchi: wanatendeana nini?
4. Mwendo: nini chaingia, na nini chatoka?
5. Eneo: pameungana na wapi?

Maswali haya yafaa kwa kijiji, kwa mji, kwa nchi nzima. Hapa yataulizwa juu ya Ziwa Tanganyika, ambalo wasomaji wengi walijua kwa macho au kwa habari.

FUNGU LA KWANZA: MAHALI

Swali «Pako wapi?» laweza kujibiwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya vipimo. Wataalamu wameizungushia dunia mistari ambayo haionekani kwa macho, bali huchorwa juu ya ramani. Mstari mkubwa wa katikati huitwa Ikweta. Katika Kongo wapita karibu na Mbandaka upande wa magharibi, na karibu na Butembo upande wa mashariki. Kutoka Ikweta kwenda kusini au kaskazini watu huhesabu digrii, na kila digrii ni kama kilometa 111. Mji wa Kalemie uko karibu digrii 6 kusini ya Ikweta. Yaani, anayetoka Ikweta na kwenda kusini kwa njia iliyonyoka atasafiri kama kilometa 660 mpaka kufika usawa wa Kalemie. Iko tena mistari inayotoka ncha ya kaskazini mpaka ncha ya kusini, nayo huhesabiwa kuanzia Greenwich, katika Uingereza. Kalemie iko karibu digrii 29 mashariki ya mstari wa Greenwich. Vipimo hivyo viwili vikitajwa pamoja, baharia au rubani hawezi kukosea.

Njia ya pili ni ya ujirani. Mwanakijiji akiulizwa njia, hataji digrii, husema: «Vuka kijito, pita mwembe mkubwa, nyumba yangu iko upande wa kuume.» Kwa njia hiyo twasema: Kalemie ni mji wa ukingo wa magharibi wa ziwa, pale unapotoka Mto Lukuga. Uvira uko karibu na ncha ya kaskazini, Moba iko kusini ya Kalemie, na Kigoma iko ng'ambo, katika Tanzania.

Jibu la pili lina faida moja kubwa: laonyesha sababu. Kwa nini mji mkubwa ulikua Kalemie? Kwa sababu milima imesimama kando ya ziwa kama ukuta, na bonde la Lukuga ni mlango katika ukuta huo. Njia ya reli ya kwenda magharibi ilifuata mlango huo, na penye reli na ziwa pamoja pakawa bandari.

FUNGU LA PILI: SURA YA MAHALI

Kila mahali pana sura yake, kama vile kila mtu ana uso wake. Sura hiyo ina sehemu mbili: iliyotoka katika maumbile, na iliyowekwa na watu.

Kwa maumbile, Ziwa Tanganyika ni refu na jembamba. Urefu wake ni kama kilometa 670, na upana wake kwa wastani ni kama kilometa 50. Kina chake chafika meta 1,470. Katika maziwa yote ya dunia, moja tu lalishinda kwa kina, nalo ni Ziwa Baikal katika Siberia. Uso wa Ziwa Tanganyika uko zaidi ya meta 770 juu ya usawa wa bahari; kwa hiyo sakafu yake iko kama meta 700 chini ya usawa wa bahari.

Shimo kubwa namna hiyo lilitoka wapi? Mtu akitazama udongo wa mfinyanzi unaokauka juani, huona unavutana huku na huku, kisha wapasuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa ardhi ya Afrika upande huu. Ilivutwa mashariki na magharibi, ikapasuka, na kipande cha katikati kikazama. Mpasuko huo waitwa Bonde la Ufa. Maji yalikusanyika ndani yake, na wataalamu wakadiria kwamba ziwa hili lina umri wa miaka milioni 9 mpaka 12. Kazi hiyo haijakwisha. Tarehe 5 Desemba 2005 ardhi ilitetemeka kwa nguvu chini ya ziwa, na nyumba zikaanguka katika Kalemie.

Sehemu ya pili ya sura ni watu wenyewe. Upande wa Kongo wakaa Wavira, Wabembe, Waholoholo na Watabwa. Ng'ambo wako Warundi, Waha na Wafipa, pamoja na wengine wengi. Mashamba yao ya mihogo na michikichi, vijiji vya wavuvi, masoko, makanisa, shule na bandari, vyote ni sehemu ya sura ya mahali.

Sasa mwanafunzi aangalie jambo moja katika sura hii. Mahali pengi milima yashuka karibu moja kwa moja majini. Ardhi iliyo sawa ni haba. Vipande vya tambarare vipo hasa kwenye midomo ya mito na kwenye fuko za mchanga. Hapo watu wengi hukusanyika. Lakini ni nani aliyeitandika ardhi hiyo? Mto uliuleta udongo kutoka mlimani, na ziwa likausawazisha. Kilichowekwa na maji, maji huweza kukirudia.

FUNGU LA TATU: WATU NA NCHI

Watu na nchi hutendeana kwa namna tatu: watu huitegemea nchi, hujilinganisha nayo, na huigeuza.

Watu huitegemea. Ziwa lawapa maji, njia na samaki. Samaki wadogo waitwao ndagala, ambao ng'ambo huitwa dagaa, huvuliwa kwa wingi, hukaushwa juani, na hupelekwa mpaka masoko ya mbali yasiyoliona ziwa kamwe.

Watu hujilinganisha. Ndagala hufuata nuru. Kwa hiyo wavuvi hutoka usiku wa giza, huwasha taa juu ya mitumbwi, na samaki wakikusanyika chini ya nuru, wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, nuru yatapakaa juu ya maji yote, taa hazina nguvu, na wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Huko ni kujilinganisha na nchi: kujua tabia yake na kupanga kazi kwa kuifuata.

Tena, samaki hawakai katika kina chote cha ziwa. Hewa ya oksijeni ambayo samaki hupumua huingia majini kutoka juu. Chini ya meta 100 upande wa kaskazini, na chini zaidi upande wa kusini, hewa hiyo yakwisha. Maji yale ya chini yana giza na hayana samaki, lakini yana chakula kingi cha mimea midogo ya majini. Katika majira ya kiangazi upepo wa kusini huyachochea maji na kukipandisha chakula hicho, na hapo ndagala huongezeka. Siku hizi hewa ya dunia imezidi joto, na maji ya juu ya ziwa yamezidi joto pia. Maji ya joto ni mepesi. Hukaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika vema. Hiyo ni sababu mojawapo ya samaki kupungua. Sababu nyingine ni nyavu nyingi mno, na nyavu zenye matundu madogo mno, zinazomchukua hata samaki ambaye hajazaa.

Watu huigeuza nchi. Watu wakikata miti ya mlimani kwa kuni, kwa makaa na kwa mashamba, mvua haipati kizuizi. Udongo washuka pamoja na maji, na mto wajaa mawe na tope. Mwezi wa Aprili 2020, baada ya mvua kubwa, Mto Mulongwe ulifurika katika mji wa Uvira. Watu wengi walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Mvua ilitoka mbinguni, wala mtu hakuiamuru. Lakini mlima uliovuliwa miti, na nyumba zilizosongamana ukingoni mwa mto, hayo yalikuwa kazi ya watu.

FUNGU LA NNE: MWENDO

Hakuna mahali panapokaa peke yake. Maji, watu, bidhaa, maneno na magonjwa huingia na kutoka. Kwanza tufuate maji.

Ziwa Kivu liko juu ya Ziwa Tanganyika. Zamani sana maji ya upande wa Kivu yalielekea kaskazini. Milima ya moto ya Virunga ilipoinuka, iliifunga njia hiyo. Kivu likajaa, na kama miaka 10,000 iliyopita likapata njia ya kusini. Njia hiyo ndiyo Mto Ruzizi, unaoingia Ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Kutoka Tanzania yaja maji ya Mto Malagarasi. Mito mingine mingi midogo yashuka milimani. Basi maji hayo yote yaenda wapi?

Swali hili liliwasumbua wasafiri wa karne ya 19. Burton na Speke waliliona ziwa mwaka 1858, lakini hawakujua mlango wake. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda ncha ya kaskazini, wakaona kwamba Ruzizi waingia, hautoki. Mwaka 1874 mwanajeshi Mwingereza, Cameron, alifika Lukuga. Aliona mto umezibwa na majani mengi, lakini maji yakisogea polepole kuelekea magharibi. Akasema: Hapa ndipo ziwa linapotokea. Mwaka 1876 Stanley alifika mahali pale pale, akatazama matope na mafunjo, akasema: Maji bado hayatoki, ila ziwa likizidi kujaa yatatoka. Watu wa Ulaya wakabishana: ni nani mwenye kweli?

Mwaka 1878 ziwa lilikuwa limejaa sana. Likaisukuma takataka yote ya mafunjo na udongo, likafungua mlango. Mwaka 1879 Hore, baharia wa misheni ya Kiprotestanti, aliona Lukuga ukienda mbio kwa nguvu nyingi. Katika miaka kama kumi na mitano iliyofuata, ziwa lilishuka karibu meta 10.

Basi Cameron na Stanley, hapana mwongo kati yao. Kila mmoja alisema alichokiona kwa miaka yake. Lukuga ni mlango mwembamba ambao mara hufunguka, mara huzibika. Hapo mwanafunzi ajifunze neno kubwa la somo hili: anayeuliza «Wapi?» bila kuuliza «Lini?» amepata nusu ya jibu.

Leo maji ya Lukuga yaenda magharibi mpaka Mto Lualaba. Lualaba wapita Kindu na kufika Kisangani, na kutoka hapo waitwa Mto Kongo, mpaka Kinshasa, mpaka bahari ya Atlantiki. Lakini yanayotoka kwa Lukuga ni machache. Sehemu kubwa sana ya maji ya ziwa huinuliwa na jua kuwa mvuke. Kwa hiyo hesabu ya ziwa ni kama hesabu ya mtungi: mvua na mito hutia, jua na Lukuga hutoa. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, mlango mwembamba hauwezi kuyatoa maji yote upesi, na ziwa hupanda.

Watu nao husafiri. Njia ya misafara ya kale ilitoka pwani ya bahari ya Hindi, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa mpaka Nyangwe na Kasongo. Ilipitisha nguo, shanga na pembe za ndovu. Ilipitisha pia watumwa, kwa machozi mengi. Kwa njia hiyo hiyo lugha ya Kiswahili ilivuka maji. Neno ambalo msomaji alisoma sasa hivi lilifika Kongo kwa miguu na kwa mitumbwi. Baadaye ilikuja reli: ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na ile ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie mwaka 1915. Hata meli ilisafiri kwa reli. Meli iitwayo Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina jingine, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma, ikaelea mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe kwa sababu ya vita. Iliinuliwa mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927.

Mwisho, magonjwa nayo husafiri. Maji yakifunika vyoo na visima, kipindupindu huenea upesi, na wasafiri hukipeleka kutoka bandari moja mpaka nyingine. Kwa hiyo anayechemsha maji yake awalinda na watu wa ng'ambo.

FUNGU LA TANO: ENEO

Eneo ni mahali pengi palipounganishwa na jambo moja. Kijiji kimoja chaweza kuwa katika maeneo mengi kwa wakati mmoja, kama vile mtu mmoja ni wa jamaa yake, wa shule yake na wa nchi yake.

Liko eneo la utawala. Kalemie ni mji mkuu wa Jimbo la Tanganyika, lililopata kuwa jimbo mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Uvira uko katika Kivu ya Kusini. Mipaka hiyo iliwekwa na watu, na watu waweza kuibadili.

Liko eneo la lugha. Mtu wa Kalemie na mtu wa Kigoma wanasikilizana kwa Kiswahili, ingawa kila mmoja ana namna yake ya kukisema.

Liko pia eneo la maji, nalo ni nchi yote ambayo mvua yake yashukia ziwa moja. Nchi nne zina ukingo juu ya Ziwa Tanganyika: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Wavu mbaya ukitupwa upande mmoja, samaki hupungua pande zote. Kwa sababu hiyo nchi hizo nne zilitia sahihi mapatano ya kulilinda ziwa mwaka 2003, na chombo cha kuyatekeleza kina makao yake Bujumbura. Mpaka wa nchi umechorwa juu ya ramani ya ziwa, lakini samaki hausomi.

Na maji yanapopanda, hayachagui nchi. Baada ya mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961, ziwa lilipanda mpaka mwaka 1964, likafika kimo kilichopita miaka yote ya karne ile. Kisha likashuka. Watoto walizaliwa, wakakua, wakazeeka; mchanga uliokauka ukaonekana kama ardhi ya siku zote. Kuanzia mwaka 2020 maji yalipanda tena, na katika miaka ya 2021 na 2024 nyumba, barabara na bandari zilifikiwa na maji, upande wa Kongo, wa Burundi na wa Tanzania. Maelfu ya watu walihama. Kwa macho yao lilikuwa jambo geni. Kwa ziwa halikuwa geni.

KURUDI KWENYE KIWANJA

Sasa turudi kwa yule mtu anayetafuta mahali pa kujenga. Tuseme amejifunza mafungu matano. Atauliza namna gani?

Kwa fungu la kwanza atauliza: kiwanja kiko umbali gani na maji, na kimo gani juu yake? Kimo chapita umbali. Hatua mia moja juu ya mchanga ulio sawa si kitu. Meta chache za mwinuko ni ulinzi.

Kwa fungu la pili atachimba kidogo na kutazama. Je, chini pana mchanga wa ziwa na makombe ya konokono wa majini? Basi maji yalikuwa hapa.

Kwa fungu la tatu atainua macho mlimani. Je, pana miti, au pako wazi? Mto wa karibu hupita wapi mvua kubwa inaponyesha?

Kwa fungu la nne atakumbuka mtungi: hutiwa na hutolewa, haukai vilevile.

Kwa fungu la tano hatamwuliza jirani mmoja tu. Atawauliza wazee: «Mwaka 1964 maji yalifika wapi?» Walioona kwa macho yao ni wachache sasa, nao hawatakaa siku zote. Kwa hiyo kila kijiji cha ukingoni chafanya vema kikisimamisha jiwe au nguzo pale maji yalipofika, na kuandika mwaka juu yake, ili mtoto atakayezaliwa kesho asome kile ambacho babu hatakuwapo kumwambia.

Pengine mtu atasema: «Mimi ni mvuvi, siwezi kukaa mbali na maji.» Neno lake ni la haki. Basi chanja za kukaushia ndagala, kibanda cha nyavu na mtumbwi vikae mchangani, kwa maana vyaweza kuhamishwa kwa siku moja. Nyumba wanamolala watoto iwe juu. Na kama ardhi ya juu imekwisha kushikwa, shauri hilo si la mtu mmoja. Ni la wazee, la chifu na la kijiji chote, wakae na kuigawa upya kabla maji hayajawalazimisha.

Jiografia haiwezi kulizuia ziwa. Yamwezesha mtu kulijua ziwa, na anayelijua hajengi mlangoni pake.

MAULIZO NA MAJIBU

U. Jiografia ni nini?
J. Jiografia ni elimu ya dunia kama makao ya watu.

U. Mafungu yake ni mangapi?
J. Ni matano: mahali, sura ya mahali, watu na nchi, mwendo, na eneo.

U. Mahali hutajwa kwa njia ngapi?
J. Kwa njia mbili: kwa vipimo vya digrii, na kwa ujirani.

U. Watu na nchi hutendeana namna gani?
J. Watu huitegemea nchi, hujilinganisha nayo, na huigeuza.

U. Maji ya Ziwa Tanganyika hutokea wapi?
J. Mengi huinuliwa na jua. Mengine hutoka kwa Mto Lukuga, huingia Lualaba, na hufika Atlantiki kwa Mto Kongo.

U. Kwa nini Cameron na Stanley hawakupatana juu ya Lukuga?
J. Kwa sababu walifika katika miaka mbalimbali, na mahali palikuwa panabadilika.

KAZI YA NYUMBANI

1. Chora chini kwa kijiti ramani ya kijiji chako. Weka kwanza mashariki, jua linapotoka. Kisha njia, maji, mashamba na nyumba.
2. Ufuate kijito cha karibu kwa miguu au kwa kuuliza. Chatoka wapi? Chaingia mto gani?
3. Taja vitu vitano vya sokoni vilivyotoka nje ya kijiji, na njia vilivyopitia.
4. Mtafute mzee kuliko wote kijijini. Mwulize maji, au moto, au maporomoko yalifika wapi zamani, na mwaka gani. Andika maneno yake, yasomwe darasani.